Mwezi Mpevu wa Aprili 1979

Ukimtajia mtoto wa Katesh Pasaka, ataona nguo mpya, pilau, na mbuzi aliyefungwa nyuma ya nyumba tangu Ijumaa Kuu, anatafuna majani hajui lolote. Ndivyo nilivyokua. Wakatoliki walifungua misheni Tlawi mwanzoni mwa karne ya 20, Walutheri wa Norwei wakaja kujenga hospitali Haydom katika miaka ya 1950, na hadi mimi nazaliwa, wilaya za Mbulu na Hanang zilikwisha kuwa nchi ya kengele za kanisa. Kila Alhamisi Kuu tulisomewa habari za mwanakondoo na damu kwenye miimo ya milango. Kila mkesha wa Jumamosi tulisomewa jinsi bahari ilivyopasuka. Tulijua hadithi yote. Kitu kimoja hatukuambiwa: kwamba wapo watu ambao hadi leo hukaa mezani wakala karamu ile ile, na kwamba baadhi yao wako jirani tu, Uganda, kwenye miteremko ya Mlima Elgon.

Nadhani neno lenyewe lilitupoteza. Kiebrania ni Pesach. Kiaramu kikaligeuza kidogo, Kigiriki na Kilatini vikalipokea, wamisionari wakatuletea Pasaka. Lugha nyingine zina neno la sikukuu ya Wayahudi na neno jingine la ufufuko wa Yesu, lakini Kiswahili kinazifunika zote mbili kwa shuka moja. Ninaposema Pasaka hapa nakusudia ile ya kwanza, ya Wayahudi.

Kisa hakihitaji maneno mengi. Wana wa Israeli walikuwa watumwa Misri, wakifyatua matofali ya Farao. Musa akatumwa awatoe, Farao akagoma, mapigo yakashuka moja baada ya jingine mpaka la kumi, vifo vya wazaliwa wa kwanza. Usiku huo kila nyumba ya Kiebrania ilichinja mwanakondoo dume wa mwaka mmoja, ikapaka damu mlangoni, na pigo likaipita. Jina la sikukuu linatoka hapo, kwenye huko kupita. Nyama ililiwa ya kuchoma, pamoja na mboga chungu na mkate usio na chachu, watu wamejifunga viunoni, viatu miguuni, fimbo mkononi. Waliondoka kwa haraka kiasi kwamba unga waliokanda haukupata muda wa kuumuka.

Hapo kwenye unga nataka kukaa kidogo, maana sisi wa Hanang ngano tunaijua. Mashamba makubwa ya Basotu yalifunguliwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa msaada wa Kanada, kwenye malisho ya Wabarbaig, na mgogoro wake ulifika hadi Mahakama ya Rufani. Lakini kula mkate wa ngano hakumfanyi mtu ajue unga una tabia gani. Changanya unga na maji, funika, uache mezani bila kutia hamira. Baada ya muda utaona vipovu, utasikia harufu ya ukali. Unga wenyewe umebeba chachu yake. Wayahudi waliliona hilo zamani, wakaweka mpaka wa dakika 18 tangu maji yaguse unga hadi mkate uive. Mmoja anakanda, mwingine anasukuma, wa tatu anatoboa vishimo visiachie hewa ikanyanyua mkate, wa nne anautupia katika tanuri kali. Dakika zikipita, donge lote ni la kutupwa. Kinachotoka ni kitu chembamba, kikavu, chenye madoa ya kuungua, kinavunjika kama kigae. Hiyo ndiyo matza, na kwa siku saba (nane kwa walio nje ya nchi ya Israeli) hakuna mkate mwingine unaoingia nyumbani.

Wala si mkate tu. Chochote cha ngano, shayiri na nafaka za jamii hiyo kilichopata kuchacha lazima kitoke, kwa hiyo bia nayo inatoka. Majuma kabla ya siku hiyo nyumba inapinduliwa: mifuko ya nguo inakung'utwa, masufuria yanatokoswa, makochi yanasogezwa. Usiku wa kuamkia siku yenyewe baba anazunguka na mshumaa akitafuta makombo, watoto nyuma yake, na mara nyingi mama amekwisha kuficha vipande vichache makusudi ili msako usitoke patupu. Asubuhi makombo yanachomwa moto. Wayahudi wa asili ya Ulaya ya mashariki waliongeza mwiko juu ya mchele, maharage na mahindi, ilhali wale wa Yemeni na nchi nyingi za Kiarabu mchele wanakula bila wasiwasi. Nikifikiria wiki nzima bila mkate, bila chapati na bila ugali, naona kwa nini watoto wao hawaisahau sikukuu hii.

Mwanakondoo yuko wapi siku hizi? Hapo historia iligeuka. Kwa karne nyingi Pasaka ilikuwa safari ya kwenda Yerusalemu, na kondoo walichinjwa Hekaluni. Mwaka 70 jeshi la Warumi chini ya Tito likaliteketeza Hekalu, na sadaka ikakoma. Sikukuu iliyosimama juu ya machinjo ingeweza kufa. Marabi waliobaki wakaihamishia mezani: mahali pa madhabahu pakakaa meza ya chakula, mahali pa kuhani akakaa mzazi. Katika Mishna, iliyokusanywa kiasi cha mwaka 200, tayari utaratibu wa jioni hiyo unaonekana, na Rabi Gamalieli ametajwa akisema kwamba asiyeeleza maana ya mambo matatu, yaani mwanakondoo, matza na mboga chungu, hajatimiza wajibu wake. Nyama yenyewe haikurudi. Kwenye sinia hukaa mfupa mmoja wa kuchoma, wa ukumbusho.

Si kila mahali lakini. Wasamaria wanachinja hadi leo juu ya Mlima Gerizimu. Na Beta Israeli, Wayahudi wa Ethiopia waliokaa nyanda za juu za Gondari mbali na marabi wote wa dunia, waliendelea kuchinja kondoo wao vijijini karne kwa karne. Wanawake wao walivunja vyungu vya zamani kabla ya sikukuu na kufinyanga vipya, ili chakula cha Pasaka kisiguse chombo kilichowahi kushika chachu. Babu zao walizungumza Kiagau, lugha ya Kikushi, na Kiiraqw, lugha ya kwetu, nacho ni cha Kikushi. Nalitaja hili kwa tahadhari, maana kwetu wapo wanaopenda kusema Wairaqw walitoka Iraki, na wengine wakishafika Iraki hawasimami, wanaendelea mpaka kwa Ibrahimu. Kufanana kwa jina si ukoo. Undugu wa lugha upo, ila ni wa maelfu ya miaka, na hauthibitishi kwamba bibi yangu alivuka Bahari ya Shamu.

Ninachokubali ni kwamba mzee wa Kiiraqw akisomewa sura ile ya mwanakondoo haoni kioja. Anaijua masay, kafara ya kuisafisha ardhi, ambapo mnyama huzungushwa kwenye mipaka ya eneo kabla ya kutolewa, ili balaa ibaki nje na heri ibaki ndani. Anajua pia habari ya kukimbia. Masimulizi ya Wairaqw yanaanza Ma'angwatay, huko upande wa Kondoa, kwenye ugomvi uliomwaga damu, na yanamfuata kiongozi wao Haymu Tipe kituo kwa kituo hadi milima ya Irqwa Da'aw. Tofauti iko kwenye namna ya kukumbuka. Sisi tuliachia wazee wasimulie wakipenda, moto ukiwepo, na vijana wakiwepo. Wayahudi waliweka tarehe, menyu na swali la lazima.

Tarehe ni usiku wa tarehe 15 ya mwezi wa Nisani, na kwa kuwa miezi yao huanza mwezi unapoandama, Pasaka siku zote huangukia mwezi mpevu. Ramadhani huzunguka mwaka mzima, lakini Wayahudi huongeza mwezi wa 13 mara 7 katika kila miaka 19, hivyo sikukuu haiachi majira yake, Machi au Aprili. Kule ni mwanzo wa mavuno ya shayiri. Kwetu ni masika katikati, watu wako kwenye palizi.

Jua likizama, siku imeanza. Mswahili wa zamani haoni ajabu hapo, kwani naye usiku humtangulia mchana wake. Familia inakaa kwa karamu iitwayo seder, maana yake mpangilio, na kitabu cha kuifuata kinaitwa Hagada, yaani masimulizi. Katikati kuna sinia: mfupa, yai, majani mabichi, mboga chungu au mzizi mkali unaotoa machozi, na mchanganyiko mtamu wa matunda, lozi na divai uliopondwa mpaka ukafanana na udongo wa kufyatulia matofali. Majani huchovywa katika maji ya chumvi, machozi ya watumwa. Vikombe vinne vya divai hunywewa kwa zamu zake, mtu ameegemea upande wa kushoto, kwa sababu zama za Warumi aliyekula akiwa ameegemea alikuwa mwungwana, mtumwa alikula wima.

Kabla ya chakula, mtoto mdogo kuliko wote anapewa nafasi ya kuuliza. Mbona leo mkate uko hivi? Mbona mboga chungu? Mbona tunachovya mara mbili, mbona tunaegemea? Mambo mengi ya ajabu mezani yamewekwa kusudi ili aulize. Na jibu hutolewa kwa nafsi ya kwanza: tulikuwa watumwa sisi, tukatolewa sisi, wala si babu zetu peke yao. Wakifika kwenye mapigo kumi, kila mmoja hudondosha tone la divai nje ya kikombe kwa kila pigo, kwani Wamisri nao walikufa na furaha haiwezi kujaa pomoni. Kipande cha matza kimefichwa mahali, watoto watakitafuta na kudai zawadi ndipo wakitoe, na bila hicho karamu haifungwi. Baadaye mlango unafunguliwa gizani kwa ajili ya nabii Eliya, ambaye kikombe chake kimejazwa na hakuna anayekigusa.

Huo mlango umefunguliwa mara nyingi kwa hofu. Ulaya ya zamani ilizusha kwamba Wayahudi hutia damu ya watoto wa Kikristo katika matza, uzushi wa kipuuzi juu ya watu waliokatazwa hata damu ya kuku, lakini uliua. Kishinev, mji wa dola ya Urusi, Aprili 19, 1903: ilikuwa Jumapili ya Pasaka ya Kikristo, na ilikuwa siku ya mwisho ya Pasaka ya Kiyahudi. Pasaka zote mbili mtaa mmoja. Ghasia zilizoanza siku hiyo ziliua Wayahudi 49.

Damu hiyo ya Kishinev ilifika mpaka kwetu, kwa njia ya mzunguko. Joseph Chamberlain, waziri wa makoloni wa Uingereza, alimpendekezea Theodor Herzl, kiongozi wa Wazayuni, ardhi ya kuwapa hifadhi Wayahudi, na ardhi yenyewe ilikuwa uwanda wa Uasin Gishu, Kenya ya leo. Waliuita mpango wa Uganda kwa sababu muda mfupi kabla ya hapo eneo hilo lilihesabiwa upande wa Uganda. Wanandi hakuna aliyewauliza. Mkutano wa Wazayuni huko Basel, Agosti 1903, uligawanyika karibu kuvunjika, wakaguzi wakatumwa, na mwaka 1905 jambo likakataliwa. Hata hivyo wachache walikwisha kuja. Abraham Block, mzaliwa wa Lithuania, alifika mwaka 1903 akitokea Afrika Kusini, na ukoo wake ndio uliokuja kumiliki hoteli ya Norfolk. Wayahudi wa Nairobi walifungua sinagogi lao mwaka 1913.

Pasaka ya Mbale, ile ya miteremko ya Elgon niliyoitaja mwanzoni, ina asili nyingine kabisa. Semei Kakungulu alikuwa jemadari wa Kiganda aliyewatekea Waingereza mashariki yote ya Uganda akitumaini kuachiwa utawala wake. Walipokwisha kumtumia walimpunguza cheo hadi akabaki mtu wa kuamriwa. Ukristo wa misheni ukamchosha, akajiunga na Wamalaki, dhehebu lililokataa dawa za hospitali, naye bado anasoma Agano la Kale kwa makini ya mtu aliyedanganywa na anayetaka kuona maandishi asilia. Mwaka 1919 akasema atatahiriwa. Wenzake wakamwambia hayo ni mambo ya Kiyahudi. Naye akajibu kwamba kama ni hivyo, basi yeye ni Myahudi. Akajitahiri pamoja na wanawe, akahamia Gangama chini ya Mlima Elgon, akatunga kitabu cha sala kwa Kiganda. Hakuna Myahudi aliyekuja kumhubiria. Mmoja tu, aitwaye Yosef, alikaa nao kiasi cha miezi sita mwaka 1920 na kuwafundisha kalenda na miiko ya chakula. Kakungulu alifariki mwaka 1928. Wafuasi wake, Abayudaya, wakaendelea na Sabato zao na Pasaka zao wakati dunia haijui kama wapo.

Idi Amin alipotwaa nchi mwaka 1971 walikuwa kiasi cha 3,000. Mwaka 1972 alivunja uhusiano na Israeli, na baadaye ibada ya Kiyahudi ikapigwa marufuku. Masinagogi yakafungwa, wengi wakasilimu au wakabatizwa kwa kuhofia maisha yao. Waliobaki, mia chache tu, walisali usiku kwa sauti za chini. Pasaka ya miaka hiyo kwao haikuwa tena kumbukumbu. Farao alikuwa Kampala na redio ilitangaza jina lake kila saa.

Sasa narudi Katesh. Oktoba 1978 majeshi ya Amin yaliingia Kagera, Novemba Amin akatangaza kuwa sehemu hiyo ni yake, na Mwalimu Nyerere akatangaza vita. Mkoa wetu wakati huo ulikuwa Arusha, Manyara ilizaliwa mwaka 2002 tu. Vijana na mgambo waliitwa kutoka kila mkoa. Baba yangu mdogo alikuwa mmoja wao, na alirudi mzima. Tangu utoto wangu ameihesabu miezi ile kwa majina ya miji: Masaka, Lukaya ambako Walibya wa upande wa Amin walipambana nao Machi, Mpigi, halafu Entebbe Aprili 7. Siku chache kabla ya hapo Waganda wa uhamishoni walikutana Moshi kupanga serikali ya kesho. Aprili 10 JWTZ na wapiganaji wa Uganda wakaanza kuingia Kampala, na tarehe 11 Luteni Kanali Oyite-Ojok akatangaza redioni kwamba utawala wa Amin umekwisha.

Ni mwaka juzi tu nilipoweka kalenda mbili sambamba. Mwaka 1979 tarehe 15 Nisani ilikuwa Alhamisi, Aprili 12. Maana yake, jua lilipozama Jumatano Aprili 11, Pasaka ilianza. Nilihesabu tena kwa penseli nikidhani nimekosea. Wanajeshi wetu walikuwa bado hawajafika Mbale, safari ya kwenda Jinja na mashariki iliwachukua majuma mengine, lakini redio ilifika kabla yao. Abayudaya wenyewe wanasimulia hivyo, akiwemo Gershom Sizomu, aliyekuwa mtoto wakati huo na ambaye mwaka 2008 alipewa urabi baada ya masomo yake Los Angeles: habari ya kuanguka kwa Amin iliwakuta Pasaka. Walirudi kwenye kilima chao cha Nabugoye, wakaanza kujenga upya kutokea watu mia chache. Leo wanakaribia 2,000, na matza wanaoka wenyewe.

Nilikwenda kumweleza baba mdogo. Alikuwa amekaa nje, Mlima Hanang umefunikwa ukungu hadi kiunoni, redio ndogo pajani. Nilimwambia habari ya Wayahudi wa Mbale, tarehe, mwezi mpevu. Mwezi aliukumbuka. Alisema waliusema vibaya usiku ule kwa sababu uliwaanika barabarani, na mlio wa bunduki za wenye furaha ulikuwa mkubwa kuliko wa vita. Halafu akanyamaza, akauliza watu hao walikula nini.

"Mkate usio na hamira, baba. Mkavu, mgumu."

"Na nyama?"

"Mfupa mmoja. Wa kutazama."

Alicheka. Akasema wao walikula biskuti za jeshi na maji ya kwenye chupa, tena wamekaa chini ukutani kwa mtu wasiyemjua, viatu miguuni kwa siku ya tatu. Akanitazama.

"Huo mkate wao una chumvi?"

Nikamwambia hauna.

"Basi afadhali biskuti zetu," akasema, akaongeza sauti ya redio.